Mkono wa Nyuma ya Gauni

9 Februari

Kwako Penseli, mjukuu wangu mwembamba kuliko hilo jina nililokupa,

Salamu nyingi kama matundu ya chujio. Mimi mzima. Magoti ndiyo yamegoma, lakini magoti ni wafanyakazi tu, bosi bado yupo. Shangazi yako mzima, duka linakwenda, cherehani ya marehemu bibi yako inakohoa lakini inashona. Paka kazaa ndani ya kikapu cha vipande vya vitambaa. Watoto wote rangi tofauti, kwa hiyo habari za baba yao tumekubaliana tusiulize.

Sasa nisikilize. Shangazi yako kanisomea ujumbe wako kwenye simu yake. Mimi na simu hatuelewani, inanikata maneno katikati kama mkwe asiyenipenda. Ndiyo maana nakuandikia na kumpa dereva wa lori la vitambaa. Yeye hakati maneno, anachelewa tu. Umesema huko chuoni mmeambiwa kila mtu achague wachoraji wa mitindo watatu, awaige kwa mkono mpaka mkono uzoee, halafu ahamie kwenye hicho kibao chenu cha umeme afanye vituko vyake. Sawa. Ukasema wawili umewapata, wa tatu bado unamtafuta.

Unamtafuta!

We mtoto, macho uliyasahau kwenye basi? Shule mimi sikuingia, niliipaka rangi kwa nje tu. Herufi nilizijua kwa kuandika mabango, S nikaijua kwa saluni, K kwa kinyozi, mpaka zikaisha zote. Lakini kabla majarida ya mitindo hayajafika mji huu, jarida lilikuwa mimi. Hakuna fundi wa nguo aliyefungua duka bila mwanamke niliyemchora mimi mlangoni. Niliwahi kuchora gauni la maua, ndege akaja kudona ua akavunjika mdomo. Mashahidi ninao, ila wote wamekufa.

Na lile la mkono je? Wanawake wangu wote nilikuwa nawasimamisha mkono wa kushoto nyuma ya gauni. Ikafika wakati mji mzima unasimama hivyo! Nenda kwa mpiga picha ukaangalie picha za enzi hizo ukutani kwake, maharusi, manesi, walimu, hata mke wa mkuu wa polisi, wote mkono wa kushoto nyuma kama wameiba sukari. Mpiga picha anapiga kelele, "Mama, simama kawaida!" Mama anamjibu, "Hii ndiyo kawaida." Nani aliwafundisha? Serikali? Ni mimi, kwa kopo la rangi ya mafuta na brashi ya manyoya.

Halafu unamtafuta wa tatu. Tafuta, bwana. Chungulia na chini ya kitanda.

Babu yako,
Brashi


2 Machi

Babu Brashi, shikamoo. Na nyingine ya magoti.

Mimi sijambo. Chumba chetu cha hosteli tuko wanne na dirisha moja, mwanga tunagawana kama sabuni. Mwambie shangazi kitambaa kilifika. Paka mpe pole.

Basi yaishe. Wa tatu nimempata. Ni mzee mmoja anakaa mlangoni kwa shangazi na ana maringo. Shangazi kanitumia picha za mbao zako zote za stoo, na ya yule mwanamke uliyemchora kwenye bawa lisilofunguliwa la mlango wa duka, ambaye kila mtu nyumbani anasema ndiye bibi. Nilimwonyesha mwalimu, akasema sawa, mchukue.

Kazi yenyewe ni ngumu, babu. Wa kwanza wangu ni mama mmoja wa wino. Anachora nusu ya mtu, nusu nyingine anakuachia umalizie kwa jicho. Wa pili anamwaga rangi kwanza, halafu mstari unakuja nyuma kuitafuta ilikokimbilia. Hao nimewaweza. Wewe ndiye umenitesa. Ule mstari wako unaotoka begani mpaka kwenye pindo bila kunyanyua brashi! Nimeurudia mpaka mwenzangu wa chumba kanipepea kwa daftari. Shangazi ndiye kaniambia huwa unabana pumzi. Mbona hukusema? Kwenye tableti nako nimejaribu. Ukikosea unabonyeza, kosa linaondoka. Mstari ukatoka safi, lakini haukuwa wako, ulikuwa kama gauni lililopigwa pasi halina mtu ndani.

Sasa swali. Darasani wamecheka. Mwalimu alizipanga picha zako zote mezani akasema, "Mchoraji asiyejua mikono huificha. Huyu mzee kaificha kwa akili." Ni kweli, babu? Niambie mimi tu. Sitamwambia mtu, nitaandika tu kwenye ripoti inayosomwa na chuo kizima.

Mjukuu wako,
Penseli


20 Machi

Penseli,

Salamu, wote wazima, paka kapona, mimi ndiye sijapona tangu barua yako ifike.

Asiyejua mikono! Mimi! Mwambie huyo mwalimu nimechora mkono wa kinyozi umeshika mkasi mpaka watu wakainamisha vichwa wapunguzwe. Na mkono wa kulia wa kila mwanamke wangu hakuuona? Ule wenye mkoba, ule ulioshika kiuno, ule unaopunga? Au yeye akishahesabu mmoja anachoka? Kulia na kushoto ni pacha, ukimjua mmoja unamjua mwenzake. Mtu mzima na chaki yake hajui hilo, na mshahara anachukua!

Na huyo mama wako wa wino anayechora nusu ya mtu, huo ni uvivu uliovaa miwani. Mimi ningemwachia fundi nusu ya gauni ukutani angenikimbiza na pasi ya moto. Wa kumwaga rangi usiniambie habari zake, hata paka anamwaga.

Wa kushoto uko nyuma kwa sababu nimeuweka nyuma. Sijawahi kumuuliza jogoo kwa nini anawika. Niulize mabega nitakujibu, niulize mapindo, niulize namna ya kufanya hariri ing'ae kwa rangi ya mlango wa choo. Mkono ule haukuhusu.

Pembeni hapo nimekuchorea mkono wangu wa kushoto. Umekunja ngumi. Mpelekee mwalimu.

Brashi


17 Aprili

Babu, shikamoo tena na tena.

Ngumi imefika, nimeibandika juu ya kitanda. Mwenzangu wa chumba anasema akiamka inamtishia. Baba alipita hapa na mzigo wa mahindi, kanenepa, anakusalimu.

Nina habari nzuri na najua utaringa mtaa mzima. Ile sehemu ya majaribio ya tableti nimeimaliza, na nimefanya kitu. Nilimchukua bibi wa mlangoni kama alivyo, na kila ufa wa rangi yake. Halafu juu yake nikaweka tabaka jipya, ndivyo tunavyofanya, kama kuweka karatasi ya kioo juu ya picha, cha chini hakiguswi. Nikauleta mkono wa kushoto mbele. Taratibu, kwa mstari wako, pindo lako, kila kitu chako. Vidole virefu vizuri vimeshika ukingo wa gauni. Na kwa kuwa chanda chema huvikwa pete, nikamvisha pete.

Mwalimu alisimama mbele yake, akasogea, akarudi nyuma. Akasema ndiyo kazi bora ya mwaka. Imechapishwa ndefu kuliko mimi, imetundikwa pale watu wanapoingilia chuoni. Nakala ndogo nimekuwekea humu.

Nikuambie ukweli, babu, sikufanya kwa ajili ya maksi tu. Bibi simkumbuki, alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Picha zake zote mkono uko nyuma. Nilitaka nimwone mzima.

Wako,
Penseli


5 Mei

Penseli.

Salamu zimebaki nyumbani, zimekataa kupanda lori.

Nani kakuambia umpe mkono? Nani kakutuma umvishe pete? Nimemsimamisha pale miaka yote, juani, mvuani, vumbini. Walevi wamemwegemea, mbuzi wamejikuna kwake, na hakuna aliyethubutu kuugusa mkono ule. Leo unakuja wewe, na kalamu ya plastiki isiyo hata na wino, unamvuta mkono mbele ya watu! Halafu unaniandikia nifurahi! Halafu unaniambia cha chini hakiguswi! Kimeguswa, mama. Kimeguswa mpaka huku nilipo.

Na pete juu!

Nakala yako nimeifunika chini ya kopo la rangi. Sikuichana kwa sababu bega umelichora vizuri.

Mtoe ukutani. Sababu sisemi. Mkubwa akisema mtoe, mtoto anatafuta ngazi.

Babu yako


28 Mei

Babu, shikamoo.

Natumaini mko salama. Mimi siko salama, nimekasirika, na hasira hii unajua nimeirithi kwa nani.

Unaniambia nitafute ngazi. Ile ni kazi yangu. Nimekuiga mpaka bega likaniuma. Nimekupandisha mezani na watu ambao vitabu vimeandikwa juu yao, na kila aliyekucheka nimemjibu. Ungenieleza kosa langu ningesikia. Unaamuru tu! Kila nikigusa habari ya mkono huo unarusha mzaha mmoja halafu unafunga mlango. Sasa darasani wakisema hukujua kuchora mkono niwajibu nini? Kwamba jogoo anawika?

Kama hukujua, sema. Haitakuondolea kitu kwangu. Lakini picha siitoi kwa sababu isiyosemwa.

Penseli


30 Juni

Babu, shikamoo.

Dereva kaja mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema hukuwepo, nikajua ni uongo, wewe utaenda wapi na magoti hayo? Mara ya pili alisema ulikuwa umekaa mlangoni, alipouliza kama kuna barua ukageuzia kiti ukutani.

Unaumwa? Kama ni hasira, nitukane basi. Kimya chako sikijui, hakuna aliyenifundisha kukisoma.

Penseli


14 Julai

Penseli,

Niko hai. Watu wazima. Kitambaa cha bluu ulichomuuliza shangazi yako kipo. Sina la kusema.

Brashi

(Nyuma ya karatasi)

Penseli mwanangu, ni mimi shangazi yako. Mzee kanipa barua niifunge, naandika huku nyuma haraka, yuko nje anagombana na Fundi Miwani, yule mshonaji wa ng'ambo ya barabara.

Babu yako mikono anaijua. Mama, yaani bibi yako, kabla hajaolewa alikuwa mkataji kwenye kiwanda cha nguo. Ile mashine ya kukatia vitambaa, yenye kisu kinachopanda na kushuka, ilimchukua vidole viwili vya kushoto, cha pete na cha mwisho. Kinga ya kisu walikuwa wameing'oa wenye kiwanda ili kazi iende mbio. Wakamwambia kazembea, wakamtoa.

Alipofungua duka hili, mteja akiingia anaweka mkono nyuma. Mzee alipomchora mlangoni mama akamwambia, "Nichore, ila mkono huu hapana." Hakuuchora. Halafu akaanza kuzunguka kwenye maduka mengine, na kila mwanamke aliyemchora akamfichia mkono uleule. Mama akamuuliza, "We mwanamume, umesahau kuchora mikono?" Nilikuwa mdogo, nimekaa chini ya meza ya kukatia, nilimsikia akimjibu: "Ukificha peke yako watakuuliza. Mji mzima ukificha, ni mtindo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kwetu hapa halisemwi hilo. Hukukosea kwa kujua, mwanangu. Usimwambie nimekwambia.


19 Agosti

Babu Brashi, shikamoo.

Mimi mzima, wenzangu wazima, dirisha bado moja. Likizo iko karibu.

Nilitafuta ngazi. Picha haipo tena ukutani. Nimeifuta na kwenye tableti, na lile tabaka la mkono nimelifuta la kwanza. Mwalimu kaja juu, kaniuliza mtu gani anashusha kazi bora ya mwaka. Nikamwambia ile siyo kazi bora, na alichosema kuhusu babu yangu na mikono si kweli. Akasema, "Haya, thibitisha." Darasa zima likageuka kuniangalia. Nilikuwa na jibu mdomoni, babu, jibu la kumkalisha chini. Nikasema, "Hapana." Maksi kazishusha, azishushe. Kuna watu hawastahili kuonyeshwa.

Humu ndani kuna karatasi nimeiviringisha ndani ya bomba la kadibodi. Nimemchora bibi, kwa mkono. Tableti niliijaribu kwanza, kila mkono unaotoka mle ni mzuri mno, hauna aliyeutumia. Mwenzangu wa chumba kanisimamia akiwa amekunja vidole nilivyomwambia akunje, hakuuliza. Nimebana pumzi kama wewe.

Wewe siku zote ulimchora kwa mbele. Mimi nimemzunguka.

Sijaipiga picha. Hakuna nakala. Hakuna mtu chuoni aliyeiona. Ukiichukia, iweke chini ya kopo.

Sina swali lolote.

Penseli


11 Septemba

Kwako Penseli, mwembamba mwenye kichwa kigumu,

Salamu zimerudi, tena zimepanda mbele na dereva. Shangazi yako hajambo, ila simsemeshi. Mdomo wake ni mfuko uliotoboka chini. Namnunia asubuhi, mchana nakula chakula chake, jioni naendelea kununa. Paka mmoja nimempa Fundi Miwani, yule wa rangi mbaya.

Bomba lako nimelifungua, na nimekasirika.

Kwanza, gumba. Gumba lake umelisimamisha wima kama askari wa zamu. Bibi yako alikuwa anashika kitambaa kwa vidole vitatu kazi ya vitano, gumba lilipinda kwa nje. Ungekuwa umekaa karibu ningekupiga na brashi. Pili, umepumua kiunoni. Usikatae, naona pale mstari ulipotetemeka. Usiufute. Kwenye hicho kibao chako ungeubonyeza ukaondoka, hapa umebaki, na ubaki.

Tatu sikuipata. Niliitafuta, nikaishia kuangalia tu.

Alizembea! Unasikia? Walimwambia alizembea! Mwanamke aliyekata mashela ya mji mzima kwa mkono mmoja na nusu, na hakuna bibi harusi aliyerudi kulalamika. Kisu walikiacha uchi wao, wakamtoa yeye kwa mlango wa nyuma, na lawama zote akabeba yeye. Mimi niliyajua haya nikanyamaza kwa sababu alisema tunyamaze. Nikachora. Sikuwa na silaha nyingine, Penseli. Wenzangu walikuwa wanafikiri napamba maduka.

Sasa ile pete yako. Nilikununia kwa pete kuliko kwa mkono, na ulikuwa hujui. Pete nilimpa. Haikuwa na pa kukaa, na mkono wa kulia aliikataa, akasema huo ni wa kazi. Aliitia kwenye uzi mweusi wa cherehani akaivaa shingoni, ndani ya gauni. Hata mimi nilikuwa nasahau mpaka ainame. Basi nimechukua brashi nyembamba, nikabana pumzi yangu ya kizee, nikamwekea uzi kisogoni kwenye mchoro wako. Mstari mmoja. Pete yenyewe haionekani, iko mbele, ndani. Wewe uliongeza kwenye wangu bila ruhusa, mimi nimeongeza kwenye wako bila ruhusa. Ngoma droo.

Chini ya kopo sikuiweka. Nimeibandika kwenye lile bawa la mlango lisilofunguliwa, upande wa ndani, nikaipaka vanishi. Kwa hiyo aliye barabarani anamwona bibi yako kwa mbele kama siku zote. Aliyeingia dukani akigeuka kutoka, anamwona mgongo, na mkono.

Wa kwanza kugeuka alikuwa Fundi Miwani. Alikuja kuazima sindano, kama kawaida yake, duka lake la kushona halina sindano. Akasimama, akapandisha miwani. "Brashi," ananiambia, "leo na wewe umekosea. Vidole vingine viko wapi?"

Shangazi yako akaacha kukanyaga cherehani. Mimi nina majibu ya kila aina, unanijua, lakini sikutafuta mzaha.

Nikamwambia, "Kamuulize mwenye kiwanda."

Alitazama kidogo, akavua miwani, akaondoka bila sindano. Jioni kamrudisha paka... Nasema uongo, paka kabaki naye. Lakini alirudi akasimama tena pale pale, safari hii miwani ikiwa machoni.

Mwalimu wako usimthibitishie lolote. Mwache na chaki yake.

Likizo ukija, usiingie mbio. Msalimie kwanza kwa mbele, halafu ingia, geuka, umsalimie kwa nyuma. Mpiga picha nimeshamwambia aje atupige mimi na wewe hapo mlangoni. Mkono wako wa kushoto weka popote unapotaka.

Babu yako,
Brashi